Siti ya Anaeli, Kutoka Korogwe Hadi Nyuma ya Mlima Meru

Mlionisimamisha sokoni, mlionifuata uani nikifua, na ninyi walimu wenzangu mliokuja na swali zima mkaondoka na robo ya jibu, leo nawaandikia wote kwa mpigo. Msome mkipokezana, halafu mniache nipumzishe mgongo. Habari za leseni, bima na ruhusa ya likizo naziruka. Hazina utamu.

Gari mnalijua. Ni ile Pijo nyeupe ya marehemu mume wangu, Anaeli, iliyokaa bandani tangu alipofariki. Anaeli alikuwa Mmeru mrefu, mtu wa kuinama kwenye kila mlango. Mimi nami mnanijua: nikisimama nyuma ya meza darasani, wanafunzi wa mwisho huulizana kama mwalimu ameshafika. Yeye ndiye aliyenifundisha kuendesha kwenye barabara za shamba la mkonge, nikiwa nimekalia mto, na tulicheka sana siku zile.

Tulimzika kwao, juu ya Makumira, kwenye mteremko wa Mlima Meru. Siku ya kuanua matanga wanaume walizungumza habari za gari. Mdogo wake, Elirehema, ambaye anauza vipuri mjini Arusha, alisema atakuja Korogwe kulichukua, maana litaozea huko. Hakusema kwa ubaya. Nikajibu kwamba gari lina mwenyewe, nami naliendesha. Mzee mmoja akacheka mpaka akakohoa. Ndipo mama mkwe wangu, ambaye kijiji kizima humwita Koko, yaani bibi, akagonga fimbo chini.

"Siku ya kuweka msalaba kaburini," alisema, "Helena akilileta gari mpaka kwenye ua wangu kwa mikono yake mwenyewe, ni lake. Asipoweza, Elirehema achukue. Msinisumbue tena na habari za magari."

Basi ndiyo sababu mlinikosa likizo hii ya Juni.

Korogwe hadi Mombo

Niliondoka na jirani yangu Bi Mwanahawa, ambaye binti yake alikuwa amejifungua huko Kaloleni, Arusha. Kwenye buti tuliweka mabegi, kapu la machungwa, na robota dogo la katani nyeupe safi. Katani ilikuwa ya fundi. Elirehema alikuwa amenitumia salamu kwamba Sokon One, hapo Arusha, kuna fundi siti hodari, na kwamba fundi huyo hutandaza katani juu ya springi kabla ya kuweka sponji, kwa kuwa sponji peke yake hubonyea upesi.

Na siti ya dereva ilimhitaji fundi kwelikweli. Panya walikuwa wamezaa humo. Kitambaa kilichanika, springi mbili zilichungulia nje, na reli za chini zilishika kutu siti ikiwa imerudishwa nyuma kabisa, vile vile alivyoiacha Anaeli. Nilikalia mito miwili na gunia lililokunjwa, nikaweka mto wa tatu mgongoni ili mguu ufike kwenye klachi. Hata hivyo barabara niliiona kwa kuchungulia katikati ya usukani na dashibodi, kama mtu anayetazama harusi ya watu kupitia ua wa makuti.

"Shoga, unaona lakini?" Bi Mwanahawa aliuliza tulipotoka mjini.

"Naona."

"Waona nini?"

"Naona lami."

"Na ng'ombe yule?"

Ng'ombe sikumwona. Nilipiga breki, mito ikateleza, nikajikuta nimeketi karibu na sakafu huku nimeshika usukani juu ya kichwa changu. Ng'ombe alipita taratibu. Kuanzia hapo Bi Mwanahawa akawa macho yangu. Alitaja kila kilichokuwa chini ya bampa: shimo, jiwe, kuku, shimo tena.

Mombo tulisimama kula nyama ya kuchoma na ndizi. Mwuza nyama alitukatia sahani mbili, kisha akafunga fungu la tatu kwenye gazeti.

"Hili la nani?" nikauliza.

"La dereva wenu. Si amelala garini?"

Bi Mwanahawa alilipokea bila aibu, akasema dereva anashukuru. Tulimla dereva wetu njiani, na alikuwa mtamu.

Mombo hadi Same

Baada ya Mombo joto lilitukamata. Milima ya Usambara ilibaki nyuma, ya Upare ikaanza, upepo wa moto ukaingia madirishani na kutujaza vumbi mdomoni. Nilikuwa nimeanza kuimba, maana gari lilikuwa linavuta vizuri. Tulipokaribia Hedaru nikaegemea nyuma kidogo nipumzishe mabega, nikasikia kitu kimelia kama ufito unaovunjika. Mara nikaona dari. Mgongo wa siti ulikuwa umelala wote, nami nimelala nao chali, na miguu ikaachia pedeli zote.

"La haula!" Bi Mwanahawa alipiga kelele. "Mwalimu, amka!"

Aliushika usukani kwa mkono mmoja, akanivuta kwa mwingine. Sijui nilifikaje kwenye breki. Tulisimama kando ya barabara katikati ya miiba, gari likiwa zima na sisi wazima. Tulikaa pale kwa muda mrefu. Mabasi yalipita yakipiga honi. Nilitazama ile siti iliyolala na kwa mara ya kwanza nikajiuliza kama yule mzee aliyecheka matangani hakuwa na haki ya kucheka.

Aliyesimama ni dereva wa lori la vitunguu, Mpare mnene mwenye kofia ya sufu kwenye jua lile. Alitusalimu, akazunguka gari, akachungulia ndani.

"Dereva wenu ameenda kutafuta msaada?"

"Dereva ni mimi, kaka yangu."

Alinitazama, akatazama mito, akatazama tena. Hakucheka. Alichukua kamba za mpira wa tairi kwenye lori lake, akauinua mgongo wa siti, akaufunga kwenye nguzo iliyo kati ya milango na kwenye siti ya nyuma, kamba baada ya kamba, mpaka siti ikawa kama mtumba uliofungwa kwa safari ya punda.

"Itasimama," alisema, "lakini usiegemee. Kaa kama umekalia kigoda jikoni."

Alikuwa ameinjika makande kwenye jiko lake la mkaa kando ya tairi la lori, basi akatulazimisha kula. Tulikula kwa kijiko kimoja kwa zamu, yeye akisimulia jinsi siku hizi za ruksa ya kuagiza mali nje barabara ilivyojaa magari ya Japani. Akasema: "Pijo kama hii, ukikuta imesimama, ujue kuna mtu aliyeipenda." Nikageuza uso kwa sababu ya moshi wa jiko. Kisha akatufuata nyuma polepole mpaka Same, taa zake zikiwaka ingawa jua lilikuwa bado juu, akapiga honi moja ya kuagana, akapotea. Jina lake sikuuliza, nami najilaumu kidogo.

Usiku ule nyumba ya wageni ilinipa kitanda kigumu, nikakifurahia kuliko godoro lolote maishani.

Same hadi Arusha

Asubuhi Kilimanjaro ilikuwa wazi, theluji yote nje, na Bi Mwanahawa akanisimulia jinsi ilivyo, maana mimi nilikuwa naona lami.

Boma Ng'ombe askari wa barabarani alituonyesha mkono. Nilisimama. Alikuja mbio, akapita dirisha langu, akaenda upande wa Bi Mwanahawa, akarudi kwangu akiwa ameshika kofia.

"Mama, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu."

"Nimeona gari linakuja lenyewe," alisema. "Nimeona usukani, nimeona mikono, kichwa hakuna. Nikasema leo nimeamkia upande gani."

Alitaka kujua ninakwenda wapi hivyo. Nikamweleza habari ya msalaba, ua wa Koko, na fundi wa Sokon One. Alisikiliza mpaka mwisho, akafungua mlango, akagusa moja ya zile kamba za mpira, akatikisa kichwa. "Nenda polepole mpaka kwa fundi," alisema. "Ukirudi nataka nikuone kichwa." Nikaahidi.

Tulipofika Makumira nilipunguza mwendo. Kulia kulikuwa na barabara ya udongo mwekundu inayopanda kati ya migomba na kahawa mpaka kwa Koko. Ningeweza kupinda pale pale nikamaliza kazi. Lakini masika yalikuwa yameacha utelezi, na kule juu kuna kona ambazo usipoona ardhi iliyo mbele ya gurudumu unaingia korongoni. Msalaba ulikuwa Jumamosi, na siku bado zilikuwepo. Nikanyoosha.

Arusha: Lemara na Sokon One

Nilimshusha Bi Mwanahawa kwa binti yake, nami nikafikia kwa shemeji yangu Elirehema, Lemara. Yeye na mke wake walinipokea vizuri, wakanipa chumba chenye blanketi mbili. Arusha Juni ni baridi ya kung'ata masikio, ukungu unashuka kutoka mlimani na jua linachelewa kama mtu asiyetaka kazi. Jioni tulikula loshoro, mahindi yaliyopikwa yakachanganywa na maziwa ya mgando. Mimi nilidhani ni uji uliochacha, nikasubiri kwa adabu walete chakula kingine. Wao walidhani sijisikii vizuri. Tulipoelewana nilikuwa nimebaki na njaa na sufuria imeisha, basi mke wa Elirehema akanikaangia mayai huku akicheka.

Kesho yake tulipeleka gari Sokon One, kwa Fundi Juma, Mrangi wa Kondoa mwenye ndevu nyeupe na cherehani kubwa chini ya paa la bati. Palikuwa na viti vya kila namna pale: siti za mabasi, makochi, kiti cha kinyozi. Na ukutani marobota ya leza, ile ngozi ya plastiki, rangi zote, vitu ambavyo miaka michache iliyopita ungevitafuta mpaka Mombasa. Nilichagua kahawia, rangi ya kahawa iliyokaangwa.

Fundi alikata kamba za yule Mpare, akaitoa siti ya dereva nje, akaanza kuivua kitambaa. Akafika kwenye springi. Zilikuwa zimebonyea upande wa kulia tu, upande wa mlango, na zimeacha shimo refu.

"Huyu aliyekuwa akiikalia," Fundi Juma alisema, "alikuwa mrefu, na alipenda kutoa kiwiko dirishani."

Kiwiko kile nilikiona miaka yote, jua la Korogwe limekichoma kikawa cheusi kuliko mkono mwingine. Tangu afariki sikuwahi kufikiri kwamba njia nzima nilikuwa nimeketi ndani ya shimo lake, na kwamba mito yangu yote ilikuwa ya kulijaza.

"Nizitupe, mama?"

"Niachie kidogo," nikasema. Nikasimama pale, nikaweka mkono kwenye zile springi. Kisha nikamwambia zitoke, weka mpya. Nilitembea mpaka barabarani nikanunua karanga ambazo sikuzila.

Siku ile na iliyofuata nilikuwa na mambo ya msalaba: kumwona mchungaji, kununua shada, kwenda kumsalimia mtoto mchanga Kaloleni. Elirehema alisema atapeleka lile robota la katani kwa fundi na kuiangalia kazi. Nikashukuru.

Alhamisi mchana nilirudi. Siti ilikuwa nzuri kuliko nilivyoota. Leza ilivutwa bila kunyanzi hata moja, mshono umenyooka, mgongo umesimama kama askari. Nikaingia, nikakaa, nikafunga mlango.

Miguu yangu ilining'inia. Klachi ilikuwa mbali kama Dodoma. Nilijivuta mbele, nikafika kwa ncha ya kidole, na usukani ukaniziba macho. Siti ilikuwa imerudishwa nyuma kabisa kama zamani, imelazwa kwa kuegemea, na kwenye paja ilikuwa ndefu hata magoti yangu hayakukunjika.

"Fundi," nikasema, "hii umemshonea nani?"

"Dereva," Fundi Juma alijibu kwa furaha. "Nilimpima hapa hapa. Alipoleta katani nikamwambia kaa tuone. Imemkaa kama ngozi yake."

Elirehema alikuwa amesimama kando ya cherehani. Alitazama viatu vyake.

Naomba mnielewe. Msalaba ulikuwa keshokutwa. Nilishuka kwenye gari damu ikinipanda kichwani, nikamwendea.

"Shemeji, ndiyo njia uliyoitafuta? Kama unalitaka gari si useme?"

"Mwalimu, si hivyo."

"Ni vipi basi?"

Alikaa kwenye benchi, mtu mzima mwenye mvi, akashika magoti yake. "Alinifikiri dereva," alisema. "Aliniambia kaa, nikakaa. Nilipokaa nikasikia kama kaka yuko hapo nyuma yangu. Alikuwa akinipakia nikiwa mdogo, akiniweka mapajani nishike usukani. Nikaona imenifaa. Nilitakiwa kusema kwamba siyo mimi ninayeendesha. Sikusema."

"Kwa nini?"

"Niliona raha, Mwalimu. Ndiyo hiyo tu."

Ningeweza kuendelea kugomba, lakini niliacha. Nami nilikuwa nimeweka mkono kwenye springi zile. Nikakaa naye kwenye benchi. Fundi Juma alitusogezea chai ya tangawizi, akatukoholea kidogo.

"Siti ni kama gauni," alisema. "Haishonwi mwenye mwili hayupo."

"Sasa ndiyo unaniambia, fundi?"

"Kosa langu nusu," akakubali. "Nusu la huyo."

Elirehema alivua koti, akachukua wembe, akaanza kufumua mshono kwa mikono yake. Hatukumwomba. Ijumaa kutwa nzima nilishinda Sokon One, na kazi yangu ilikuwa kukaa na kushuka. Reli zilipelekwa kwa jirani wa kuchomelea zikasogezwa mbele. Fundi alifupisha sehemu ya paja, akainua springi za nyuma, akaongeza katani ya Korogwe tabaka kwa tabaka, na kila tabaka aliniita.

"Kaa, mama. Kanyaga klachi mpaka mwisho. Goti limenyooka?"

"Limenyooka kabisa."

"Baya. Linatakiwa libaki na kunjo kidogo, la sivyo ukifika Korogwe utatembea kama kaa. Shuka."

Nikashuka. Nikakaa. Alinitaka niweke kifundo cha mkono juu ya usukani bila kuinua bega kutoka kwenye siti. Alinifumbisha macho, akasema nikae ninavyokaa nikiwa nimechoka, kisha nifumbue. Mara ya kwanza nilifumbua nikaona boneti. Mara nyingine nikaona boneti na paka. Jua lilipokuwa likizama nyuma ya mabati nilifumbua macho nikaona boneti, paka, mtaro, barabara, na mwanamke ng'ambo akipepeta mchele. Mgongo ulikuwa umeshikwa pale chini panapouma siku zote, kama mtu ameweka kiganja.

"Elirehema," nikaita, "naona barabara."

"Yote?"

"Yote!"

Nilicheka mwenyewe mle ndani, mwanamke mzima. Fundi Juma alikwenda kuswali.

Kupanda juu ya Makumira

Jumamosi tuliondoka asubuhi, mimi kwenye usukani, Elirehema kando yangu, mke wake na Bi Mwanahawa nyuma na shada. Msalaba wenyewe ulikuwa umetangulia. Mara moja Elirehema alinyoosha mguu kutafuta breki ambayo haikuwepo upande wake. Mara ya pili alikumbuka akautuliza.

Usiku kulinyesha. Barabara ya kupanda ilikuwa kama sabuni nyekundu. Niliingia gia ya kwanza, nikashika kona ya kwanza, ya pili, na kila kona niliona ukingo wake, mawe yake, mtaro wake. Watu waliovaa nguo za kanisani walijibana kwenye migomba kutupisha. Kwenye kona ya mwisho, ile yenye korongo, magurudumu ya nyuma yakaanza kuzunguka bure. Gari likateleza kidogo kwenda pembeni.

"Shuka, nishike mimi," Elirehema alisema haraka. Kisha akasita. Tukatazamana.

"Shuka wewe," nikamwambia.

Akashuka. Wakashuka wote. Bi Mwanahawa alivua viatu, akapandisha baibui mpaka magotini, akasema hakuja Uchagani kufa kwa matope. Hakuna aliyepata nafasi ya kumwambia kwamba hapo ni Umeruni. Wanaume wa njiani wakaongezeka. Nilikaa peke yangu ndani ya gari, mgongo kwenye siti, nikakanyaga klachi mpaka mwisho na goti likabaki na kunjo lake. Nikaachia taratibu, kama Anaeli alivyonifundisha kati ya mikonge. Gari likakohoa, likashika, likapanda. Sikusimama tena mpaka nilipoona paa la Koko na kuku wakitawanyika uani.

Yule mzee wa kukohoa alikuwepo, ameketi kwenye kiti cha mbele na mkongojo. Watu wa gari walifika nyuma yangu wakihema. Elirehema alikuwa mwekundu wa matope kuanzia viatu mpaka kidevuni, suti yake ya ibada imeharibika.

"Nani ameendesha?" mzee aliuliza.

"Yeye ameendesha," Elirehema alijibu. "Mimi nimesukuma."

Mzee alitazama suti ile, akakubali kwa kichwa. Koko alikuja akashika mlango wa gari, akauchunguza, akapapasa siti kwa kiganja, akanipa pole ya safari. Kisha tukaenda kaburini, tukaweka msalaba, tukaimba. Nililia kama inavyotakiwa, na baada ya hapo nikala sana: ndizi za nyama, wali, na loshoro. Loshoro niliomba mwenyewe, sahani mbili.

Nyuma ya mlima

Kurudi Korogwe mlituona wenyewe tukishuka, na yule afande wa Boma Ng'ombe alinipigia saluti. Lakini kuna siku moja kabla ya hapo ambayo sijamsimulia mtu.

Jumatatu asubuhi, wageni wakiwa wameondoka na Elirehema amerudi kwenye vipuri vyake, Koko alitoka amevaa vitenge viwili na sweta, akafungua mlango wa mbele, akakaa.

"Twende Ngare Nanyuki," alisema.

Ngare Nanyuki iko upande wa pili wa Mlima Meru, kwenye ukame. Koko alizaliwa huko. Wakoloni waliwahamisha watu, baadaye wenyeji wakarudi, lakini yeye alikuwa ameshaolewa huku kwenye migomba, na mdogo wake Ndeanasia akabaki kule. Kila mwaka walitumiana salamu kwa watu. Nauli ilikuwepo, magari yalikuwepo. Kilichomshinda ni kiuno chake, kisichoweza malori na mabenchi ya mbao. Hawakuwa wameonana tangu nywele zao ni nyeusi.

Tulipita Usa River, tukapinda kuelekea Momella, Bi Mwanahawa akiwa nyuma na machungwa yaliyobaki. Twiga walivuka mbele yetu, nami nikawaona kuanzia kwato. Baada ya maziwa ya Momella mlima ukageuka. Kutoka Arusha tumeuzoea kama mnara mzima. Huku upande mmoja umebomoka, na ndani yake kuna kilima kidogo cha majivu.

"Ninyi mnauona mgongo," Koko alisema. "Sisi tulizaliwa tukiuona tumbo."

Njia ilikuwa mbovu, vumbi na mawe. Kila shimo nilimtazama. Alikuwa ameegemea, mikono mapajani. Siti ya upande wake Fundi Juma alikuwa ameijaza katani iliyobaki.

"Kiuno, mama?"

"Kimenyamaza," akasema.

Nyumba ya Ndeanasia tulielekezwa na wachunga mbuzi. Bibi kizee mfupi aliyekauka alitoka ameshika ungo wa maharage. Alisimama. Alitazama gari, akanitazama mimi, kisha akatazama dirisha la Koko. Ungo ukainama, maharage yakamwagika yote mchangani.

Hawakukumbatiana. Koko alitaja jina la mdogo wake kupitia dirishani, mwenzake akataja la Koko. Nilishuka mbio nikamfungulie mama mkwe mlango, lakini alinizuia kwa mkono.

"Hapa pazuri," alisema. "Aingie yeye."

Ndeanasia alifuta miguu kwenye nyasi, akazunguka gari, akapanda kwenye siti yangu, ile ya dereva. Ilimtosha kabisa. Akashika usukani kwa mikono miwili kama aliyeambiwa aushike, akamgeukia dada yake, wakaanza kusema Kimeru, mara wote kwa pamoja, mara mmoja akilia na mwingine akicheka.

Mimi na Bi Mwanahawa tuliokota maharage. Wakwe wa nyumba ile walituletea chai na vigoda, tukakaa kivulini mwa gari. Mchana ukapita. Niliwaita mara moja waje kula, Koko akapunga mkono nisiwasumbue, basi sahani zao zikapitishwa dirishani. Jua lilipoanza kulala kuelekea mlimani Bi Mwanahawa aliniuliza kwa sauti ya chini kama hatutachelewa, na barabara ile mbovu vile.

Nikamwambia acha wakae.